Bakteria Rafiki na Ukuta wa Utumbo: Probiotiki baina ya Tangazo na Ushahidi

Utangulizi

Mnunuzi anayeingia katika duka kubwa mtaani Muthangari, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, na kulielekea jokofu la maziwa, hukutana na maneno kabla ya kukutana na maziwa. Kopo moja linajigamba kuwa lina bakteria hai. Jingine linaahidi kulituliza tumbo. La tatu linalitaja neno probiotiki kwa herufi zinazoshindana kwa ukubwa na jina la kampuni. Katika duka la dawa, neno lilo hilo limebandikwa kwenye chupa za vidonge ambavyo bei yake ingetosha kununua lita kadhaa za maziwa lala. Ilhali, mwendo mfupi tu kutoka hapo, ng'ambo ya Waiyaki Way huko Kangemi, au upande wa pili wa Lavington huko Kawangware, maziwa yaliyoganda huuzwa kwa kupimwa kwa kikombe, na wala hakuna anayeyaita probiotiki. Huitwa mala, basi.

Makala haya yanachunguza swali ambalo maandishi ya makopo hayo hulipita kwa kasi: je, bakteria wanaomezwa kwa makusudi wanaweza kuusaidia ukuta wa utumbo kuifanya kazi yake? Nao ushahidi uliokusanywa katika eneo letu la Afrika Mashariki na jirani zake unasemaje? Swali hili si la wenye pesa za kununua vidonge pekee. Kwa mujibu wa Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya nchini Kenya, asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa mwaka wa 2022. Mwaka wa 2014 kiwango hicho kilikuwa asilimia 26. Wataalamu wengi wa lishe wanakubali kwamba sehemu ya kudumaa huko haitokani na upungufu wa chakula sahanini tu, bali pia na utumbo ulioumia kiasi cha kushindwa kukipokea chakula hicho.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana nini na utumbo? Jibu ni kwamba muuguzi wa zahanati anapomweleza mama kuhusu tumbo la mtoto wake, mara nyingi hufanya hivyo kwa Kiswahili, na maneno anayoyatumia hubeba nadharia nzima ya ugonjwa hata kabla hajaitamka sentensi ya pili. Suala hili litarejelewa baadaye.

Ukuta usiofanana na kuta nyingine

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Matangazo mengi ya probiotiki yamejengwa juu ya taswira iyo hiyo: utumbo una nyufa, sumu inapenya, na kidonge kinakuja kama fundi mwenye udongo wake. Taswira hii inavutia lakini inapotosha mahali muhimu. Utando wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli, na safu hiyo hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi, kuwe na ufa kusiwe na ufa. Seli huzaliwa katika vishimo vidogo vya utando, hupanda taratibu hadi kileleni, kisha hubanduka na kuangukia ndani ya utumbo. Huu basi ni ukuta ambao matofali yake yanatembea.

Eneo la utando huo si dogo. Vitabu vya zamani vilizoea kulilinganisha na uwanja wa tenisi. Vipimo vilivyochapishwa na watafiti wa Uswidi mwaka wa 2014 vililipunguza hadi mita mraba 32 hivi kwa mfereji wote wa chakula wa mtu mzima, yaani takriban nusu ya uwanja wa mpira wa vinyoya. Bado ni eneo kubwa mno kulindwa na safu moja ya seli. Aidha, kazi yake ina mgongano ndani yake. Ukuta wa gereza hutakiwa kuzuia tu. Ukuta wa utumbo unatakiwa kupitisha sukari, mafuta, madini na maji kwa wingi, na wakati uo huo kuwazuia bakteria matrilioni wanaoishi hatua isiyozidi unene wa unywele kutoka hapo. Taswira iliyo karibu zaidi na hali hii ni ile ya lango la mji wa kale wa pwani, ambako majahazi hupokewa kila siku lakini si kila abiria huruhusiwa kulala mjini.

Ulinzi wenyewe una tabaka kadhaa. Kwanza kuna ute, ambao hutolewa na seli maalumu zilizotawanyika katika utando. Katika utumbo mpana ute huu una matabaka mawili. La nje huwa makao ya bakteria, na la ndani huwa limeshikana kiasi kwamba karibu hakuna bakteria anayelipenya, jambo lililodhihirishwa na watafiti wa Gothenburg mwaka wa 2008. Chini ya ute kuna seli zenyewe, ambazo zimefungwa pamoja upande wa juu kwa mikanda ya protini. Mikanda hiyo hukaza au kulegea kulingana na amri za mwili. Hapo ndipo penye kile kinachoitwa kwa wepesi "tumbo linalovuja". Isitoshe, kuna kingamwili zinazomiminwa ndani ya utumbo na kuwanasa wavamizi kabla hawajaugusa utando.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba ukuta huu hulishwa na wale wale unaowazuia. Seli za utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nishati yao kutokana na asidi iitwayo butireti, na butireti hiyo hutengenezwa na bakteria wanapovunja nyuzinyuzi za vyakula kama vile maharagwe, mtama, ndizi na mboga ambazo tumbo la binadamu limeshindwa kuzisaga. Bakteria wakikosa nyuzinyuzi, seli hukosa butireti. Katika majaribio yaliyofanyiwa panya, baadhi ya bakteria walionyimwa nyuzinyuzi waligeuka na kuanza kuula ute wenyewe. Kwa hivyo uhusiano uliopo hapa ni wa kulishana, na ukivurugika upande mmoja, upande wa pili hauwezi kusalimika.

Je, hali ya ukuta huo hupimwaje bila kumpasua mtu? Njia iliyotumika kwa miaka mingi ni rahisi kuieleza. Mtoto hunyweshwa maji yenye sukari za aina mbili ambazo mwili hauzitumii. Moja, manitoli, ina molekuli ndogo inayopenya kwa kawaida, na ya pili, laktulosi, ina molekuli kubwa ambayo haistahili kupita. Kisha mkojo wake hukusanywa kwa saa kadhaa. Laktulosi ikionekana nyingi, lango limelegea. Manitoli ikipungua, eneo la kufyonzea chakula limepungua. Kwa vipimo vya aina hii ilibainika, tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20, kwamba watoto wengi wanaokulia katika mazingira yenye uchafu wa kinyesi wana utumbo uliovimba na kulegea hata wanapokuwa hawaharishi. Mama hamwoni mtoto akiugua. Anaona tu kwamba hakui.

Maana ya probiotiki, na suala la lahaja

Wazo la kutumia maziwa yaliyoganda kama kinga si geni katika sayansi. Mnamo 1907, Elie Metchnikoff, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alidai katika kitabu chake kuhusu urefu wa maisha kwamba maziwa ya namna ile iliyotumiwa na wakulima wa Bulgaria huenda yakazuia kuoza kwa chakula tumboni. Mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel, ingawa kwa kazi nyingine ya kinga ya mwili. Fasili inayotumiwa siku hizi ilitokana na kikao cha wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani kilichofanyika Córdoba, Argentina, mwezi Oktoba 2001. Kwa ufupi, probiotiki ni viumbe hai wadogo ambao wakitumiwa kwa kiasi cha kutosha humletea manufaa ya kiafya yule anayewatumia.

Fasili hii ni kali kuliko inavyoonekana. Kiumbe aliyekufa hamo. Kiumbe hai ambaye manufaa yake hayajathibitishwa hamo vilevile. Hata aliyethibitishwa hamo iwapo idadi yake ni ndogo. Kwa kipimo hiki, sehemu ya bidhaa zinazojiita probiotiki hazistahili jina hilo.

Kuna sharti jingine ambalo mwanafunzi wa isimu atalielewa haraka kuliko mnunuzi wa kawaida. Kusema kwamba maziwa yana Lactobacillus ni sawa na kusema kwamba mtu anazungumza lugha ya Kibantu. Ni kweli, lakini haijulikani kama ni Kiswahili, Kigikuyu au Kizulu. Kutaja Lactobacillus rhamnosus ni kama kutaja Kiswahili. Bado inabakia lahaja: je, ni Kimvita, Kiamu au Kiunguja? Katika taaluma ya bakteria, lahaja hiyo huitwa nasaba, na tafiti hufanywa kwa nasaba, si kwa jina la ukoo. Nasaba maarufu kuliko zote, GG, ilipatikana mwaka wa 1983 na Sherwood Gorbach na Barry Goldin wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, na herufi hizo mbili ni za majina yao. Matokeo ya GG hayawezi kudaiwa na nasaba nyingine kwa sababu tu zina jina moja la mbele. Mambo yalitatizika zaidi mwaka wa 2020, wanasayansi walipoligawa kundi zima la Lactobacillus katika jenasi 25, hivi kwamba jina rasmi la rhamnosus sasa ni Lacticaseibacillus rhamnosus. Makopo ya dukani yalichelewa kuzipata habari hizo, na pengine si vibaya.

Bakteria hawa husaidia vipi? Katika maabara, GG hutoa protini zinazozikinga seli za utando dhidi ya kufa zinaposhambuliwa na kemikali za uvimbe, na huiimarisha ile mikanda ya protini inayozifunga seli pamoja. Nasaba ya E. coli iitwayo Nissle, ambayo Alfred Nissle aliipata mwaka wa 1917 kutoka kwa askari aliyenusurika kuharisha huku wenzake wakiugua, nayo imeonyesha uwezo wa kuifunga upya mikanda hiyo. Bakteria wengine huongeza uchachu wa mazingira ya utumbo hadi maadui wakashindwa kuzaana, au hutoa asidi ya laktiki ambayo wenyeji wa utumbo huitumia kutengenezea butireti. Haya yote yamethibitishwa kwa seli zilizooteshwa katika vyombo na kwa wanyama wa maabara. Kutoka hapo hadi kwa mtoto wa Kangemi ni safari ndefu, na ni safari hiyo ambayo matangazo huikatiza.

Ushahidi kutoka Blantyre, Kampala na Kwale

Utafiti mkubwa wa kwanza wa aina hii katika eneo letu pana ulifanywa Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka wa 2009. Watoto 795 waliokuwa na utapiamlo mkali walipewa chakula cha tiba cha karanga. Watoto 399 walipata chakula kilichotiwa mchanganyiko wa bakteria pamoja na nyuzinyuzi za kuwalisha, na 396 walipata chakula kisicho na nyongeza hiyo. Waliopona lishe yao walikuwa asilimia 53.9 katika kundi la kwanza na asilimia 51.3 katika kundi la pili. Tofauti hiyo haikutosha kuwa ushahidi wa kitu chochote.

Katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, watafiti waliwagawa watoto 400 wenye utapiamlo mkali katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa nasaba ya GG pamoja na nasaba ya Bifidobacterium. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2017, yana funzo la kipekee. Watoto walipokuwa wamelazwa, bakteria hao hawakupunguza siku za kuharisha. Waliporudi nyumbani wakaendelea kuwatumia, siku za kuharisha zilipungua kwa zaidi ya 2 kwa wastani. Yamkini wodini watoto walikuwa wagonjwa mno na walikuwa wakipewa viuavijasumu vinavyowaua rafiki na adui kwa pamoja. Nyumbani, utumbo ulikuwa umeanza kupona na mgeni alipata pa kukaa. Ikumbukwe pia kwamba Marekani, ambako GG inauzwa kwa wingi, utafiti wa watoto 971 uliochapishwa mwaka wa 2018 haukuona faida yoyote kwa walioharisha ghafla.

Hata hivyo, tafiti zenye uzito mkubwa zaidi kwa mjadala huu zilifanywa nchini Kenya, katika pwani ya kusini, kaunti ya Kwale. Hazikuanza na probiotiki bali na madini ya chuma. Upungufu wa damu ni tatizo kubwa kwa watoto wachanga wa eneo hilo, na dawa yake inajulikana: unga wa vitamini na madini unaotiwa katika uji wa mahindi. Lakini mtoto hufyonza sehemu ndogo tu ya chuma hicho. Kinachobaki huteremka hadi utumbo mpana, na huko kuna wanaokisubiri. Bakteria wengi wa maradhi hukihitaji chuma ili wazaane, ilhali bakteria wa maziwa wanaweza kuishi karibu bila chuma.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, watoto 115 wa miezi 6 walipewa uji wenye unga huo kwa miezi 4, baadhi ukiwa na chuma cha miligramu 2.5 au 12.5, na wengine ukiwa hauna. Kinyesi cha waliopewa chuma kilionyesha kuongezeka kwa bakteria wa jamii ya Escherichia na kupanda kwa protini inayoashiria uvimbe wa utumbo. Kwa maneno mengine, dawa iliyokusudiwa kuiponya damu ilikuwa ikiuchokoza ukuta. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi nia njema inavyoweza kupita mlango usio wake.

Watafiti hawakuishia hapo. Katika utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka wa 2017, watoto 155 waligawanywa katika makundi matatu: wasiopewa chuma, waliopewa miligramu 5 za chuma, na waliopewa chuma hicho pamoja na gramu 7.5 za sukari ngumu iitwayo galakto-oligosakaraidi. Sukari hii haisagwi na tumbo la mtoto. Huwafikia bakteria wa maziwa ikiwa nzima na kuwalisha. Waliopewa chuma pamoja na chakula hicho cha bakteria waliepushwa sehemu kubwa ya madhara: bakteria wema walisalia wengi na chembe za urithi za sumu za maradhi zilikuwa chache kuliko kwa waliopewa chuma pekee.

Tazama kilichofanyika hapo. Hakuna bakteria hata mmoja aliyeletwa kutoka nje. Wenyeji waliokuwamo tayari walipewa chakula wakaifanya kazi yao. Hii ndiyo kanuni ya maziwa ya mama, ambayo yana sukari za aina hiyo kwa wingi, sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Ni kana kwamba mama ananyonyesha watu wawili, mtoto na bakteria wake. Kwa msingi huo, mama wa Kawangware anayenyonyesha bila kuchanganya kwa miezi 6 anaufanyia ukuta wa utumbo wa mwanawe jambo ambalo chupa ya duka la dawa la Muthangari haijathibitisha kwamba inaweza kulifanya.

Kibuyu, mfuko wa gramu moja na jokofu

Isidhaniwe kwamba makala haya yanawapuuza bakteria wa kumezwa. Jamii za Kenya zimewafuga kwa karne nyingi. Mathara na wenzake walipochunguza kule naoto, maziwa ya kibuyu ya Wamaasai, mwaka wa 2004, walikuta kwamba Lactobacillus plantarum ndiye aliyetawala. Mursik ya Wakalenjin hugandishwa katika kibuyu kilichopakwa masizi ya mti maalumu. Suusac ya maziwa ya ngamia, inayonywewa kaskazini mwa Kenya, ina bakteria wa jenasi ya Streptococcus waliojizoeza kula sukari ya maziwa kwa ustadi, ingawa ndugu zao wa karibu wanashukiwa kwa maradhi ya binadamu. Hapa tahadhari inahitajika. Uchunguzi wa mursik uliochapishwa mwaka wa 2013 ulikuta pombe kidogo pamoja na asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio. Uasili wa chakula hauthibitishi usalama wake, kama vile upya wa kidonge hauthibitishi nguvu zake.

Uji uliochachuliwa nao una mkasa wake. Unga hukorogwa na maji ukaachwa uchache siku moja au zaidi, na bakteria wa asidi ya laktiki hujaa humo. Halafu uji huchemshwa, nao hufa. Kwa fasili ya Córdoba, uji huo si probiotiki. Hata hivyo uchachu wake huzuia vijidudu vya maradhi kukua na hurahisisha ufyonzaji wa madini, kwa hivyo faida ipo ingawa haina jina la kifahari.

Majaribio mawili ya kuziunganisha hekima hizi mbili, ya kibuyu na ya maabara, yanastahili kutajwa. La kwanza lilianzia Mwanza, Tanzania, mwaka wa 2004, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Western cha Kanada na watafiti wa Tanzania. Wanawake wa kikundi cha Tukwamuane, mtaani Mabatini, walifundishwa kutengeneza mtindi wenye nasaba ya GR-1 na kuuuza, hasa kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Virusi hivyo huuharibu utando wa utumbo mapema sana, hivyo wazo lilikuwa na mantiki. Uchunguzi wa mwanzo uliwaonyesha wanywaji wakiwa na ongezeko la seli za kinga, lakini majaribio yaliyofuata, yaliyokuwa na kundi la kulinganishia, hayakuona tofauti. Lililobakia bila ubishi ni lishe na kipato cha wanawake wenyewe.

La pili ni la shirika la Uholanzi liitwalo Yoba for Life. Hataza ya GG iliombwa mwaka wa 1985. Muda wake ulipokwisha, shirika hilo lilianza kuieneza nasaba iyo hiyo kwa jina la yoba 2012, likianzia Uganda na kuenea hadi Kenya na Tanzania. Tatizo la GG ni kwamba haiwezi kuitumia sukari ya maziwa, kwa hivyo ikiachwa peke yake katika maziwa haistawi. Suluhisho lilikuwa kuipa mwenzi, Streptococcus thermophilus, ambaye huivunja sukari na protini za maziwa akala na kusaza. Mfuko mdogo wa gramu 1 huweza kugeuzwa, kwa hatua mbili, kuwa mtindi wa lita 100. Nasaba ambayo mtaani Muthangari ingenunuliwa kwa vidonge vya kuhesabu inapatikana hivyo kwa kikombe cha shuleni.

Kwa mnunuzi aliyesimama mbele ya jokofu, haya yana matumizi ya moja kwa moja. Kopo linalotaja jina kamili la bakteria, pamoja na herufi au tarakimu za nasaba, limesema jambo linaloweza kuchunguzwa. Linalosema "bakteria rafiki" tu halijasema lolote. Mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda ili udumu bila jokofu una bakteria waliokufa. Mala ya kawaida ni chakula kizuri chenye bakteria hai wa kugandisha, lakini haijapimwa kama dawa. Aliyemaliza kunywa viuavijasumu asikimbilie vidonge vya probiotiki kwa desturi tu: utafiti wa Israeli wa mwaka wa 2018 ulionyesha kuwa watu wazima waliovitumia walichelewa kuwapata tena bakteria wao wa asili kuliko wale walioachwa hivihivi. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati hawafai kupewa bidhaa hizi bila uamuzi wa daktari, kwani ukuta wao haujakomaa na bakteria wanaweza kupenya hadi kwenye damu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hilo mwaka wa 2023 baada ya kifo cha mtoto. Na mtoto anayeharisha huhitaji kwanza maji ya ORS na zinki, ambavyo hupatikana katika zahanati za umma.

Tatizo la maneno

Inafaa sasa kulirejelea suala la lugha. Istilahi ambayo baadhi ya kamusi za Kiswahili ziliipendekeza kwa viumbe hawa wadogo ni kijasumu, na dawa ya kuwaua ikaitwa kiuavijasumu. Sumu imo ndani ya jina lenyewe. Neno la mitaani, vijidudu, halina sumu lakini lina dharau, na matangazo ya sabuni yamelifanya kuwa jina la adui. Mama aliyesikia tangu utotoni kwamba vijidudu huuawa, aambiwe vipi leo kwamba mwanawe ana matrilioni yao na kwamba wakifa ataumia? Ni kama kumwambia kwamba wezi ndio wanaolinda nyumba.

Kitenzi cha kuchacha kina utata wa namna hiyo. Mchuzi uliochacha hutupwa, uji uliochacha hunywewa. Lugha imeliacha tendo moja libebe hasara na faida, nalo ndilo tendo lile lile la bakteria. Kinyume chake, maziwa yamepewa maneno ya upole: yameganda, yamelala. Kwa hakika neno mala, linaloelezwa kuwa kifupi cha maziwa lala, linasimulia mchakato mzima wa kibiolojia bila kumtaja kiumbe yeyote. Maziwa yalilazwa usiku, asubuhi yakaamka na sura nyingine.

Jozi ya probiotiki na prebiotiki ina kasoro yake pia. Ya kwanza ni kiumbe, ya pili ni chakula cha kiumbe, na tofauti yake kwa sikio ni irabu moja tu. Kwa jinsi utafiti wa Kwale ulivyoonyesha, hiyo ndiyo tofauti ambayo msikilizaji hapaswi kuikosa. Mapendekezo kama "bakteria saidizi" na "chakula cha bakteria" ni marefu, lakini muuguzi anaweza kuyatamka mbele ya foleni ya akina mama Kangemi na yakaeleweka bila maelezo ya pili. Wanawake wa Mabatini, kwa upande wao, hawakungoja baraza lolote la istilahi. Mtindi wao waliuuza kwa jina la Fiti.